Vita Iliyobebwa Begani

Katika vibanda vya video vya Mwanga, Kigoma, kama kwingineko Tanzania, watazamaji wanaijua sheria moja ya filamu za vita: steringi hafi, na bunduki yake haiishiwi risasi. Magazini ya kawaida ya AK-47 hubeba risasi 30, na ikifyatuliwa mfululizo humaliza zote kwa takriban sekunde tatu, lakini steringi humimina risasi mpaka adui wa mwisho aanguke. Kijana aliyepitia mafunzo ya JKT kule Bulombora, mkoani humuhumu Kigoma, anajua kwamba siku ya jeshini hujaa mchakamchaka, kwata, jembe, usafi wa kambi na lindo la usiku, na kwamba kushika bunduki ni sehemu ndogo tu ya siku hiyo. Askari wastaafu hupenda kuzitaja kasoro za sinema: cheo kilichobandikwa mahali pasipo pake, saluti iliyopigwa bila kofia, kombania nzima iliyosongamana uwanjani ili wote waenee kwenye picha. Wana haki ya kukereka. Hata hivyo, hizo ni kasoro ndogo. Kasoro kubwa ni kwamba sinema huichukua kazi ya maelfu ya watu, ya kubeba, kujenga, kupika na kungoja, ikaigeuza kuwa ushujaa wa mtu mmoja au wawili, na waliobeba vita hiyo wakafutika. Kwa mtu wa Kigoma, ushahidi wa jambo hili hauko mbali, kwa sababu mojawapo ya filamu mashuhuri zaidi za karne iliyopita ilitokana na mapigano ya Ziwa Tanganyika katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Filamu hiyo ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Humphrey Bogart, aliyeigiza nahodha wa kiboti kikuukuu cha mvuke, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Mwenzake alikuwa Katharine Hepburn, katika nafasi ya dada wa mmisionari wa Kiingereza. Wawili hao wanateremka mto Ulanga mpaka ziwani, wanatengeneza makombora kwa mitungi ya gesi na baruti, na mwishowe meli kubwa ya Kijerumani, Louisa, inakigonga kiboti chao kilichopinduka, inalipuka na kuzama. Picha nyingi zilipigwa Kongo na Uganda, nyingine katika studio za London. Anayeijua ramani ya Tanzania atashtuka mapema, kwa kuwa maji ya Ulanga halisi hayafiki Ziwa Tanganyika kamwe. Huingia mto Rufiji na kumwagika Bahari ya Hindi, mamia ya kilomita mashariki. Lakini jiografia tunaweza kuisamehe. Kinachostahili kuchunguzwa ni meli.

Meli halisi iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku takriban 5,000. Masanduku hayo yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Hapo mafundi watatu wa Kijerumani wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na vibarua waliowazidi kwa mbali sana, waliiunga upya meli yenye urefu wa takriban mita 71. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915, vita ikiwa imeshaanza. Baadaye ilifungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915. Meli za mvuke za ziwani zilikula kuni, kwa hiyo kabla ya risasi yoyote kulikuwa na watu wenye mashoka porini, watu wenye mizigo ya kuni vichwani, na wachocheaji waliokesha mbele ya tanuri. Meli ya kivita bila watu hao ni bati linaloelea.

Upande wa pili mambo yalikuwa hivyohivyo. Waingereza walituma boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya ofisa Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka Uingereza Juni 1915, zikapanda treni kutoka Cape Town hadi Fungurume huko Katanga, na kutoka hapo zikavutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu kuvuka milima ya Mitumba. Wafanyakazi wa Kiafrika walifyeka msitu, wakachonga barabara na kujenga madaraja kwa mikono, kisha safari ikaendelea kwa reli na kwa mto Lualaba mpaka pwani ya magharibi ya ziwa, panapoitwa leo Kalemie. Ilichukua miezi. Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi: tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Götzen ilipojitokeza baadaye, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Hakuna aliyeilipua. Mzinga wake mkubwa uliondolewa kwa kuwa ulihitajika kwingine, na majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwishoni mwa Julai 1916. Kabla ya hapo mafundi walipaka injini grisi nyingi, ili siku moja iweze kufufuliwa. Ikafufuliwa kweli: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi upya kwa jina ambalo kila mkazi wa mwambao analijua, Liemba. Meli ambayo sinema iliilipua ndiyo iliyobeba dagaa, mahindi na abiria kutoka Kigoma hadi Mpulungu kwa miongo mingi.

Tuwe waadilifu kwa filamu. Mwanzoni inaonyesha kijiji kikichomwa moto na wenyeji wakiswagwa kwa nguvu na jeshi la Kijerumani, na hilo ni kweli ya vita ile. Lakini baada ya dakika chache hizo, Waafrika wanatoweka, isipokuwa askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Katika maisha halisi ya jeshi lile, askari Waafrika walisafiri na wake zao na watoto, na wanawake hao ndio waliopika, wakateka maji na kubeba mizigo. Nyuma yao walifuata wapagazi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wengi hivi kwamba hesabu zao rasmi za waliokufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu, zinazidi 95,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na ya Nairobi zilipata majina kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Filamu inayoonyesha vita ya Afrika Mashariki bila wapagazi haijakosea jambo la pembeni. Imeiacha vita yenyewe nje ya picha.

Kuna watakaosema kwamba sanaa si darasa la historia, kwamba Forester na Huston walitunga kisa na hawakuapa kusema kweli. Ni hoja yenye uzito. Mtunzi ana uhuru wa kubuni mto, jina na mapenzi ya wawili waliozeeka peke yao, na filamu hiyo imeundwa kwa ustadi mkubwa. Lakini uhuru huo una matokeo pale watazamaji wanapokosa picha nyingine. Mwingereza aliyeiona ilipotoka alikuwa na vitabu, makumbusho na babu wa kumsahihisha. Vita ya ziwa letu haikuwa na filamu ya pili ya umaarufu huo, na wapagazi hawakuacha vitabu vya kumbukumbu. Ndiyo maana hadi leo waandishi wa safari huitambulisha Liemba kwa wageni kama meli ya The African Queen, kana kwamba sinema ndiyo iliyoizaa.

Wengine watasema kwamba kubeba mizigo kunachosha macho, na mtazamaji amelipa kiingilio ili aone mlipuko. Sikubaliani nao, na sinema yenyewe inawakanusha. Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, katika Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, walijenga filamu nzito juu ya askari wa Kiafrika waliorudi Senegal mwaka 1944 wakidai malipo yao, wakauawa na jeshi walilolitumikia. Mwaka 2006 Rachid Bouchareb alitoa Indigènes, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa, na mwaka huohuo serikali ya Ufaransa ikaamua kuzisawazisha pensheni za wapiganaji wa makoloni ya zamani na za Wafaransa. Filamu iliyoheshimu maisha halisi ya askari iliwajaza watu kumbini, ikagusa pia hundi za wazee. Na boti mbili zinazopandishwa milima ya Mitumba kwa kamba, je, si tamasha la kutosha kwa kamera?

Tanzania ina waigizaji, ina kamera, na ina watazamaji waliozoea kukaa saa mbili mbele ya filamu ya vita. Reli iliyobeba masanduku yale bado inaishia Kigoma, na milima ya Mitumba ipo ng'ambo ya ziwa. Watengenezaji filamu wetu wasingoje mgeni arudi na kiboti kingine cha kubuni. Waandike mswada ambao steringi wake ni mpagazi, na waanze kuupigia picha hapa Kigoma.