Masta ya kupiga piano baada ya kufundisha miaka tisa, inawezekana?

Wadau, juzi hapa kafe nimekutana na mwalimu wangu wa muziki wa sekondari, kakodolea macho fomu za vyuo vya nje. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniambia, "Marahaba kijana wangu, hebu kaa hapa unisaidie." Anataka masta ya kupiga piano. Tumekesha nayo, basi nawamwagia tulichopata.

Kwanza tuelewane: masta ya elimu ya muziki ni kitu kingine kabisa. Kule wanaangalia vyeti, uzoefu wa kufundisha na maandishi yako. Kwenye masta ya kupiga wanataka kukusikia. Miaka tisa ya chaki haipigi piano!

Kwa Marekani, shule nyingi hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba, na unatuma rekodi pamoja na fomu. Ukipita mchujo unaitwa kupiga mbele ya walimu wao, kati ya Januari na Machi. Watu wa piano kwa kawaida hudaiwa kipande cha Bach, sonata nzima ya Haydn, Mozart au Beethoven, na kazi kubwa ya karne ya 19. Tena kwa kichwa, bila karatasi. Hapo mwalimu akanyamaza. Grade 8 ya ABRSM anayo, ni msingi mzuri, lakini hawa wanadai zaidi ya hapo, na yeye miaka yote hiyo alikuwa anasindikiza kwaya ya shule, karatasi mbele yake. (Na nyie mnaosoma solfa tupu, anzeni nota mapema.)

Pesa je? Yale ilipewa dola milioni 100 mwaka 2005 kwa ajili ya shule yake ya muziki, na tangu 2006 wanafunzi wake hawalipi ada. Kula na kulala ni juu yako, na nafasi ni za kugombea. Vyuo vikuu vingine hukupa kazi ya kufundisha wanafunzi wa chini au kusindikiza waimbaji, wanakupunguzia ada na posho juu. Hapo ualimu unamlipa.

Uingereza kuna mtego. Chevening wanataka uzoefu wa kazi miaka 2, anao. Ila wanalipia masta ya mwaka 1 tu, wakati masta ya kupiga ya Royal College of Music ni miaka 2. Soma masharti kabla hujatuma!

Tukafika kwenye DMA, yaani udaktari wa upigaji. Wengi wanaoimaliza wanatafuta kazi ya kufundisha chuoni. Mwalimu akacheka mpaka watu wakageuka: "Kwa hiyo nizunguke dunia nzima nirudi kwenye chaki?"

Desemba hii hatumi. Kajipa mwaka mmoja wa mazoezi, kila siku kuanzia saa kumi jioni watoto wakishatoka. Tatizo ni piano ya shule, funguo tatu hazitoi sauti. Kuna mdau anamjua fundi? Tiririka hapo chini.