Sketi ya Marinda na Sare ya Sikukuu: Mwanamume wa Mpakani Avae Nini?

Desemba ikiingia, cherehani za Tunduma hazipoi. Familia hii imeleta kitenge ili baba, mama na watoto watoke sare siku ya Krismasi. Ile inataka nguo za mkesha wa mwaka mpya. Fundi hahitaji kuelekezwa sana. Kitambaa ni kile kile, lakini baba atashonewa shati, mama gauni, binti sketi ya marinda, na mvulana shati la kuvaa na kaptula.

Sasa tuseme vijana wanne wa ukoo mmoja wameingia kwa fundi huyo na kumwambia: sisi tushonee sketi. Hawatanii. Wanataka sketi za marinda, za kufika magotini, za kuvaa siku ukoo unapokutana. Fundi atacheka kwanza. Akimaliza kucheka atauliza: kwani mna maigizo?

Swali hilo lina hekima kuliko linavyosikika. Ndani yake yamefungwa mambo matatu ambayo watu huyachanganya wanapozungumzia mavazi ya wanaume: umbo la nguo, jina lake, na shughuli inayovaliwa. Tukiyafungua moja moja, tutaona kwamba umbo, ambalo ndilo linalochekesha, ndilo dogo kuliko yote.

Tuanze na hilo umbo. Sketi ni nguo inayozunguka kiuno na kuning'inia bila kugawanyika miguuni. Kwa kipimo hicho, wanaume wa Afrika Mashariki wamevaa sketi miaka mingi kuliko walivyovaa suruali. Lamu mwanamume hufunga kikoi. Zanzibar mvuvi hufunga msuli, na baba wa nyumba hupumzika nao jioni barazani. Mmasai ana shuka zake. Songea, kila Februari, Wangoni wanapowakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, vazi la kiunoni ndilo linalomtambulisha anayecheza nafasi ya mpiganaji. Hata ukanda wetu huu, kuanzia Unyiha hadi bonde la Rukwa na Ufipa, ulikuwa na wafumaji wa pamba kabla nguo za viwandani hazijaua kazi yao. Walichofuma kilifungwa mwilini. Hakikukatwa kupata miguu miwili.

Suruali ilifuata njia ya jeshi, ofisi na misheni. Wamoraviani walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na katika miongo iliyofuata mtoto wa kiume akajifunza, pamoja na kusoma na kuandika, kwamba heshima ina miguu miwili. Somo hilo tumelishika sana. Lakini siku yenyewe ya Krismasi, anayesimama mbele ya waumini wote amevaa kanzu au joho, vazi refu lisilogawanyika, na hakuna anayemcheka. Jaji ana joho lake, mhitimu wa chuo kikuu ana lake. Kama tatizo lingekuwa umbo, hao wangekuwa wa kwanza kuchekwa.

Basi tatizo liko kwenye jina? Kwa sehemu, ndiyo. Vijana wale wangemwambia fundi wanataka shuka, asingecheka. Kikoi, msuli, shuka na lubega ni majina yaliyokuja na wanaume ndani yake. Neno sketi tumelipata kwa Kiingereza, likaingia pamoja na sare ya msichana wa shule, na tangu hapo halijabanduka kwenye mwili wa kike. Kuna tofauti nyingine iliyojificha nyuma ya jina: shuka hufungwa, sketi hushonwa. Kiuno cha kufunga kwa mkono tumekikubali kwa mwanamume. Kiuno chenye lastiki au zipu tumempa mwanamke. Ukifikiri kidogo utaona hakuna sababu ya maana kwa nini fundo liwe la kiume na zipu iwe ya kike, maana suruali yenyewe ina zipu.

Kitenge kinatoa ushahidi mzuri zaidi, na Tunduma ni mahali pa kuuona bila kusafiri. Ukivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kitenge kinaitwa chitenge na mwanamke anakifunga kiunoni karibu kila siku. Mwanamume akikifunga vile vile, watu watauliza kama nguo zake zimeloa. Lakini kitambaa hicho hicho, maua yale yale, kikishonwa shati la mikono mirefu, mwanamume anakaa nacho meza kuu. Rangi haijabadilika, wala thamani. Kilichobadilika ni mahali kilipokaa mwilini, na mahali hapo tumepapanga sisi wenyewe.

Tulivyopanga sisi, wengine hawakupanga hivyo. Zambia hiyo hiyo tunayopakana nayo ina watu ambao sketi ya mwanamume ndiyo vazi lao la sikukuu. Walozi wa Jimbo la Magharibi, mbali sana kutoka Nakonde, wana vazi la kiume liitwalo siziba: sketi pana ya kitambaa kingi, inayovaliwa na kizibao, na kichwani kofia nyekundu. Vazi hili utaliona zaidi wakati wa Kuomboka, maji ya mto Zambezi yanapojaa na mfalme wao, Litunga, anapohama Lealui kwa jahazi kubwa la Nalikwanda kwenda Limulunga kwenye mwinuko. Watu wazima, wazee wa baraza, wasomi waliotoka Lusaka kwa likizo, wote huvaa siziba, na hakuna anayeulizwa kama ana maigizo.

Siziba ilitoka wapi? Maelezo yanayosikika mara nyingi huihusisha na Waskoti: ama wamisionari waliofika kwa Walozi, ama safari ya mfalme Lewanika aliyekwenda Uingereza mwaka 1902 kuhudhuria kutawazwa kwa Edward wa Saba. Iwe ni lipi kati ya hayo, Walozi hawaivai siziba kama nguo ya kuazima. Wameifanya yao, kama Waswahili walivyoifanya kanzu yao.

Kwa hao Waskoti, vazi la kilti lina historia inayofanana na yetu kuliko tunavyodhani. Kilti tunayoiona leo, yenye marinda nyuma na upande bapa mbele, ni mtoto wa nguo kubwa zaidi. Watu wa milimani walikuwa wakivaa kitambaa kirefu cha sufu, wakikikunja kiunoni kwa mkanda na kukitupia kilichobaki begani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mchoro: hiyo ni lubega. Katika karne ya 18 nusu ya juu iliachwa, nusu ya chini ikabaki na marinda yakashonwa kabisa. Yaani shuka ikawa sketi, na mvaaji akabaki mwanamume yule yule.

Serikali ya London haikulipenda vazi hilo. Baada ya kuzima uasi wa watu wa milimani huko Culloden mwaka 1746, bunge lilipitisha sheria ya kulipiga marufuku kwa wanaume na wavulana isipokuwa wale waliokuwa jeshini. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi 6. Ya kosa la pili, kuhamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh alivaa kilti mwenyewe. Nguo iliyowapeleka watu gerezani ikawa nguo ya ikulu, na leo ndiyo ya harusi na ya kukaribisha mwaka mpya.

Kabla hatujawacheka Waingereza, tukumbuke ya kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1967 na mwaka 1968, viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai suruali. Mwenye lubega alizuiwa kupanda basi na kupata huduma mjini, kwa hoja kwamba taifa linalojenga ujamaa haliwezi kuonekana hivyo. Muda mfupi baadaye Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969, vimini vya wasichana vikaandamwa Dar es Salaam pamoja na mawigi na suruali za kubana. Kwa hiyo katika kipindi kimoja, mwanamume alionekana mshamba kwa kukosa suruali na msichana akaonekana mhuni kwa kuvaa sketi fupi. Leo shuka ile ile nyekundu ndiyo inayopamba matangazo ya utalii wa nchi yetu. Vazi halikubadilika, macho ndiyo yaliyobadilika, na ilichukua kizazi kimoja tu.

Kuna jambo jingine la kuchekesha. Waskoti walipita hapa hapa. Njia iliyotoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika iliitwa Barabara ya Stevenson, kwa jina la mfanyabiashara wa Glasgow aliyetoa fedha za kuijenga kuanzia mwaka 1881. Misheni yao ya Livingstonia ilifungua kituo cha Mwenzo, jirani kabisa na Nakonde, katika miaka ya 1890. Lakini waliokuja kufundisha walitufundisha suruali. Kilti yao waliyopigania kwao hawakutuachia.

Walioichukua bila kufundishwa ni vijana wa Mombasa. Enzi za beni, ngoma ile ya gwaride na bendi iliyotanda pwani tangu mwisho wa karne ya 19, makundi yalishindana kwa nyimbo, karamu na hasa mavazi. Kundi moja la Mombasa lilijiita Scotchi, yaani Waskoti, na wanachama wake wakatoka na kilti kama za askari wa Kiskoti. Mahasimu wao, kundi la Kingi, walishindana nao kwa sare vile vile. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawabeba askari na wapagazi hadi bara, beni ikaenda nao, na ndugu zake tunawajua: mganda wa Ziwa Nyasa na malipenga ya kaskazini mwa Malawi, ambako wanaume hucheza kwa mistari wakiwa nadhifu kama gwaride.

Hapa tumefika kwenye jambo la tatu, shughuli, nalo ndilo lenye ufunguo. Kutoka Mombasa hadi Limulunga, mwanamume mwenye sketi ya sikukuu hayuko peke yake. Yumo kwenye safu. Mmoja akivaa, watu humtazama yeye na kuuliza ana nini. Ishirini wakivaa, watu huitazama sare na kuuliza ni ya kina nani. Sisi tunalijua hilo vizuri, kwa sababu hakuna watu wanaopenda sare kama sisi. Msibani kuna sare, kwenye sendofu kuna sare, kwaya ina sare. Sare humwondolea mtu mzigo wa kujieleza. Inasema kwa niaba yake kwamba huyu ana wenzake na leo kuna jambo. Ndiyo maana mwanamume wa kikundi cha ngoma anaweza kucheza mbele ya Mwenge wa Uhuru akiwa na sketi ya kitenge na njuga miguuni, mkuu wa wilaya akampigia makofi, na hakuna anayeshtuka.

Pingamizi lipo, na halifai kupuuzwa. Wengi watasema Maandiko, katika Kumbukumbu la Torati, yanamkataza mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke. Ni kweli yanakataza. Lakini watu walioandikiwa amri hiyo, wanaume kwa wanawake, walivaa nguo ndefu zisizogawanyika. Walijua la mwanamume na la mwanamke kwa desturi yao, bila kuhesabu miguu ya nguo. Kwa hiyo swali la haki kwa wazee wa kanisa au wa ukoo ni hili: je, vazi hili limekusudiwa na kutambuliwa hapa kuwa la kiume? Kwa siziba jibu ni ndiyo. Kwa kikoi ni ndiyo. Kwa sketi ya vijana wanne wa Tunduma, jibu bado halipo, na halitoki kwa fundi wala kwao peke yao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila mtu avae apendavyo na wengine wafunge macho. Nguo ya sikukuu huvaliwa ili ionekane, na anayetaka kuonekana hana budi kuzungumza na watazamaji wake kabla ya siku yenyewe. Wala sikubaliani na wanaosema sketi kwa mwanamume haijawahi kuwepo Afrika. Imekuwepo, imepigwa marufuku, imerudi, imeitwa majina mengine, na imepigiwa makofi na watu wale wale wanaoicheka.

Vijana wale nawashauri waanze kwa babu na baba zao wadogo, na wawaombe wavae pamoja nao. Baba mdogo mmoja akikubali, kazi kubwa imekwisha. Kisha warudi kwa fundi na hesabu kamili: kilti ya marinda mazito hula kitambaa cha takriban mita 7, na kitenge cha yadi 6 hakifiki hata mita 6. Wapunguze marinda, au waongeze kitambaa.