Mizani ya Watoto wa Iringa

Nchi ya nyanda za juu za kusini, tangu Iringa hata Mbeya, imejaliwa neema. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba, na mpaka Aprili mabonde yote huwa ya kijani. Mahindi hustawi, maharage hustawi, viazi hustawi, na huko Rungwe migomba huzizunguka nyumba hata msafiri apitaye njiani asizione. Katika miaka ya 1970 na 1980 mikoa minne, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ndiyo iliyotegemewa kwa mahindi katika Tanzania. Baada ya mavuno magunia yalipakiwa katika malori yakapelekwa kulisha watu wa miji ya mbali.

Basi mtu angaliambiwa siku zile kwamba watoto wa Iringa wana njaa, angalicheka. Angalisema, "Njaa iko Ugogo, ambako mvua ni haba. Hapa maghala yamejaa." Wala asingalikuwa mjinga kwa kusema hivyo, maana alisema aliyoyaona kwa macho yake.

Lakini jambo moja halikupatana na maghala hayo. Watoto wadogo walikuwa wakifa wengi. Surua ilipopita kijijini, mtoto wa nyumba hii alipona na mtoto wa nyumba ile akafa, na watu hawakujua sababu. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine walinong'ona habari za wachawi. Mauti ilikuwa dhahiri, bali chanzo chake kilikuwa kimefichika.

Mwaka 1983 Serikali ya Tanzania ilianza kazi ya kutafuta chanzo hicho katika mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na nchi ya Njombe. Ilisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na fedha zilitolewa na Serikali ya Italia. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, walishiriki pia. Vijiji 168 vilichaguliwa kuanza. Na kitu cha kwanza kilichopelekwa vijijini hakikuwa chakula, wala dawa. Kilikuwa mizani.

Mtu mwenye haraka huuliza, "Mtoto anakufa, nanyi mwaleta mizani?" Jibu moja la swali hilo liko upande wa kaskazini ya Iringa, mahali paitwapo Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilitaka sana mafuta ya kupikia, kwa kuwa vita vilikuwa vimeleta upungufu. Wakatumwa watu watatu kutazama kama karanga zaweza kulimwa Afrika ya Mashariki katika mashamba makubwa mno. Walizunguka wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya safari yao ilikuwa kwa ndege. Wakarudi wakasema yawezekana. Matrekta yakaletwa, misitu ikaangushwa, watu wengi wakaajiriwa. Ndipo ikajulikana kwamba mvua ya Kongwa haiaminiki, na kwamba udongo wake wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga hazing'oki. Wagogo walioishi pale siku zote wangaliweza kuwaeleza habari za mvua hiyo na udongo huo. Mwezi wa Januari mwaka 1951 kazi ikaachwa, na paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha kupotea. Katika ndege mtu huona nchi yote kwa mara moja, lakini haoni udongo ukikauka.

Huko Iringa, basi, walianza kwa kupima. Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na mshale. Ilifungwa katika tawi la mti au katika boriti ya nyumba, na mtoto akatiwa ndani ya mfuko wenye matundu mawili ya miguu, akaning'inia akilia. Mshale ukisha kutulia, mhudumu wa afya wa kijiji alisoma kilo akaziandika katika kadi ya mtoto. Kila kijiji kilichagua wahudumu wawili miongoni mwa watu wake wakafundishwa kazi hiyo. Kila miezi mitatu ilikuwako siku ya afya ya kijiji, na watoto wote wasiotimiza miaka mitano waliletwa kupimwa.

Yafaa kuieleza kadi hiyo, maana ndani yake ndimo ulimokaa ushahidi. Ilikuwa na sehemu tatu za rangi: kijani, kijivu na nyekundu. Wataalamu walijua uzito unaotazamiwa kwa mtoto mwenye afya wa kila umri. Mtoto aliyefikia sehemu 80 katika 100 za uzito huo, au zaidi, aliandikwa katika kijani. Aliyepungua chini ya 80 aliandikwa katika kijivu. Aliyepungua chini ya 60 aliandikwa katika nyekundu, naye alikuwa katika hatari kubwa. Tuchukue mfano. Mtoto wa mwaka mmoja alitazamiwa kuwa na kilo 10 hivi. Akiwa na kilo 9, yu katika kijani. Akiwa na kilo 7, yu katika kijivu. Akiwa na kilo 5 na nusu, yu katika nyekundu, na pasiwe na kungoja tena.

Hesabu za kwanza zilipokusanywa mwaka 1984, watu walistaajabu. Katika kila watoto 100 wa vijiji vile, 56 hivi walikuwa chini ya kijani, na zaidi ya 6 kati yao walikuwa katika nyekundu. Na hii ndiyo nchi iliyokuwa ikilisha wengine!

Mwanafunzi atauliza: imekuwaje wazazi wasione? Je, hawakuwapenda watoto wao? Waliwapenda sana. Lakini jicho hupima kitu kwa kukilinganisha na kilicho karibu yake. Mama alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi ule ule, akaona wamelingana. Hakujua kwamba wote wawili wamepungua. Tena, mtoto wa miaka mitatu aliyedumaa hufanana kabisa na mtoto wa miaka miwili mwenye afya, na hakuna mtoto aliyeandikwa umri wake katika paji la uso. Njaa ya mwaka wa ukame kila mtu huijua. Njaa hii nyingine huja polepole, mwezi kwa mwezi, nayo haina kelele. Ndiyo sababu wataalamu waliipa jina lake, utapiamlo, nao wakasema imefichika.

Hata hivyo mizani huonyesha jambo moja tu, kwamba mtoto amepungua. Haisemi kwa nini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisha kupata hesabu hudhani wamepata na sababu. Katika Iringa walifanya desturi ya hatua tatu: kwanza kupima, pili kuchungua sababu, tatu kutenda. Kisha waliporudi kupima tena, baada ya miezi mitatu, walijua kama tendo lile lilifaa.

Hesabu za kila kijiji zilisomwa mbele ya serikali ya kijiji. Wazee walioketi pale walizoea kusikia habari za magunia, kodi na barabara. Sasa walisomewa habari za kilo za watoto. Na maswali yakaanza. Je, nyumbani kwa mtoto huyu hakuna chakula? Mara nyingi chakula kilikuwapo. Je, ameugua? Pengine alikuwa na homa ya malaria, au kuhara, au alikuwa ametoka katika surua, naye mgonjwa hali, na akila chakula hakimfai mwilini kama kimfaavyo mzima. Je, ni nani amlishaye, na mara ngapi kwa siku? Swali hili la mwisho ndilo lililofungua mlango.

Mama wa Iringa aliamka kabla ya mapambazuko. Alichota maji, akaenda shambani, akalima, akatafuta kuni, akarudi jioni akapika. Jembe lililojaza ghala lilikuwa mikononi mwake. Mtoto mdogo aliachiwa dada yake, naye alikula mara mbili kwa siku, pengine moja. Mtu mzima aweza kula ugali mwingi mara mbili akashiba mpaka kesho, lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, halina nafasi. Akipewa uji mwepesi, tumbo hujaa maji. Akipewa uji mzito wenye unga mwingi, humshinda kumeza. Hujaa bila kulishwa, kama gunia lililojazwa makapi.

Dawa mojawapo ya taabu hiyo ilikuwa karibu sana. Watu wa Iringa na Mbeya tangu zamani hulowesha ulezi, wakauacha uote, wakauanika na kuusaga: hicho ndicho kimea. Wengi walikijua kwa kazi moja, nayo ni pombe. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikichungua kimea wakaona jambo la ajabu. Kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito ulio moto kiasi, uji ule hulainika papo hapo ukawa mwepesi wa kunywewa, na unga wote uliomo haupungui. Sababu ni kwamba mbegu inapoota hufanya kitu ndani yake cha kuvunja wanga. Hivyo mtoto aweza kunywa katika kikombe kile kile chakula kingi zaidi kuliko kwanza. Ulezi ambao ungalimlevya baba sasa ukamnenepesha mwana.

Mambo mengine yalitendwa pia. Watoto walichanjwa. Vijiji vingine vilianzisha mahali pa kuwalisha watoto mchana, mama zao wakiwa shambani. Wahudumu walifika nyumbani kwa mtoto aliyekuwa katika nyekundu, wakazungumza na mama, na baba pia, ambaye zamani alidhani uji si kazi yake.

Mwaka 1988 hesabu zilionyesha kwamba katika vijiji vile 168 watoto waliokuwa chini ya kijani wamepungua kutoka 56 hivi kuwa 38 katika kila 100. Waliokuwa katika nyekundu walikuwa chini ya 2. Mpango ukaenezwa, na mikoa mingine ikafuata mfano. Mwaka 1990 UNICEF ilipoandika shauri lake la lishe kwa ajili ya dunia nzima, ilieleza kwamba utapiamlo hutokana na mambo matatu yaliyosukana, yaani chakula, afya na malezi. Na mafundisho hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Iringa.

Hata hapo, mchunguzi mwaminifu hasimami kushangilia. Hujiuliza mwenyewe maswali yale ambayo mpinzani wake angemwuliza. Je, watoto walipona kwa sababu ya mpango, au mavuno ya miaka ile yalikuwa mema kuliko kawaida? Vijiji visivyopimwa vilikuwaje? Chanjo ya surua ilifanya sehemu gani, na uji sehemu gani? Maswali haya hayawadharau waliofanya kazi. Tomaso naye alitaka kuona makovu, wala hakufukuzwa katika wale kumi na wawili.

Tena iko habari ya karibuni. Mwaka 2022 ulifanyika uchunguzi wa afya ya watu katika Tanzania yote, na watoto walipimwa urefu pia. Mtoto aliye mfupi kupita kiasi kwa umri wake husemwa amedumaa. Katika nchi nzima waliodumaa walikuwa 30 katika kila 100. Katika Njombe, iliyokuwa mkoa wa peke yake tangu mwaka 2012, walikuwa 50 hivi. Katika Iringa walikuwa karibu 57, kuliko mkoa wowote mwingine.

Mtu asiyesoma kwa uangalifu atasema, "Zamani walikuwa 56, wakawa 38, sasa ni 57, basi kazi yote ilipotea." Amekosea. Hesabu za mwaka 1984 na 1988 ni za uzito, na hizi ni za urefu. Zile zilikuwa za vijiji 168 vya mkoa wa zamani, na hizi ni za mkoa mpya, mdogo zaidi. Mtoto aweza kuwa na uzito wa kutosha naye ni mfupi, maana ufupi huo ni alama ya taabu ya siku nyingi, hata ya siku alizokuwa tumboni mwa mama yake. Kuzilinganisha hesabu hizo mbili ni sawa na kulinganisha debe la mahindi na pima ya kamba.

Lakini wala asije mwingine akasema kwamba, kwa kuwa hazilinganiki, basi hapana neno. Hamsini na saba katika mia ni wengi, kwa kipimo chochote. Siku hizi, katika zahanati za Iringa na Njombe, kando ya mizani umewekwa ubao wa kupimia urefu, na mtoto hulazwa juu yake, mmoja akimshika kichwa na mwingine akiinyosha miguu. Swali waliloulizwa wazee wa vijiji mwaka 1984 linaulizwa tena katika mikutano ya wilaya: mtoto huyu hula nini, mara ngapi kwa siku, na ni nani amlishaye mama yake akiwa shambani? Na nje, wakati wa mavuno, malori yangali yanapakia magunia ya mahindi.