Kaburi la Ng'ambo na Ahadi ya Nchi Mpya

Mtu asimamaye Bandari ya Kale, Mombasa, akitazama ng'ambo upande wa Nyali, huelekea mahali walipozikwa Bibi Rosina Krapf na binti yake mchanga.

Mumewe, Dkt. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alikuja kukaa Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni, akisaidiwa na kadhi wa mji, alianza kukifasiri kwa Kiswahili kitabu cha Mwanzo, kielezacho kuumbwa kwa mbingu na nchi. Mwezi uliofuata alifiwa na mkewe kwa homa, na mtoto aliyezaliwa siku chache tu kabla.

Lakini Biblia, ianzayo kwa uumbaji, humalizika kwa uumbaji mpya. Isaya alitabiri nchi ambayo mkulima atakula alichokipanda, asinyang'anywe. Naye Yohana aliona mauti yamekoma, wala bahari haipo tena.

Krapf hakuondoka. Aliendelea kufasiri, na mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha misheni Rabai. Kwa aiaminiye ahadi hiyo, maji yale yautengayo mji na kaburi si mpaka wa milele.