Je, Wajua? Mbegu ya Uwatu Haishii Kwenye Achari

Je, wajua kwamba uwatu uliwahi kuwatia watu wa New York wasiwasi? Kuanzia mwaka 2005, harufu tamu ya ile sharubati ya miti ambayo Wamarekani humwagia chapati zao za maji ilikuwa ikitanda Manhattan, ikipotea, kisha ikirudi. Watu walipiga simu za dharura, wengine wakihofia shambulio la kemikali. Februari 2009, Meya Michael Bloomberg alitangaza chanzo: kiwanda cha New Jersey kilichokuwa kikisindika mbegu za uwatu. Harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo sotoloni, nayo hutoka hata kwenye jasho na mkojo wa mlaji.

Lakini wengi siku hizi huununua uwatu kwa ajili ya kisukari. Loweka kijiko kimoja usiku. Asubuhi utakuta mbegu zimevimba na maji yanavutika kama mlenda. Usiumwage ute huo, maana ndio wenye kazi. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni nyuzinyuzi, na zile zinazogeuka ute huchelewesha chakula tumboni, hivyo sukari huingia kwenye damu polepole badala ya kupanda ghafla baada ya mlo.

Jambo linalosahaulika ni kipimo. Katika utafiti wa Hyderabad, India, uliochapishwa mwaka 1990, wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza walipewa gramu 100 za unga wa uwatu uliotolewa mafuta kila siku, nusu mchana na nusu usiku, kwa siku 10. Sukari yao ya kabla ya kula ilishuka, na ile ya kwenye mkojo ikapungua kwa asilimia 54. Gramu 100 ni zaidi ya nusu kikombe! Anayekunywa maji ya kijiko kimoja asitarajie matokeo yale, na kamwe asiache insulini wala vidonge vyake.

Tena anayechanganya uwatu mwingi na dawa amweleze daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno: mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, kichwa kikazunguka. Pwani yetu mzazi hupewa uji wa uwatu ili apate maziwa, ila mjamzito hashauriwi kuutumia kama dawa. Na kwa kuwa uwatu ni wa jamii ya kunde, anayedhurika na karanga awe mwangalifu.

Katika jamii hiyohiyo umo mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumiwa zamani na waganga wa huko. Kemikali yake ndiyo iliyofungua njia ya metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari wanakimeza leo. Kilitengenezwa kwanza Dublin mwaka 1922, na daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwatibu nacho wagonjwa mwaka 1957.