Madini ya Masisi na Walikale yanarudi ndani ya simu, fundi anakosa mchoro

Madini yanayochimbwa Rubaya, katika teritware ya Masisi, na Bisie, huko Walikale, yanarudi Kivu ya Kaskazini ndani ya simu na redio. Lakini fundi anayefungua simu hiyo mezani kwake hana mchoro unaoonyesha namna umeme unavyopita ndani yake.

Koltani inatoa tantali, ambayo hutumiwa kutengeneza kapasita, vile vipuri vidogo vinavyotunza umeme. Kasiterite inatoa bati la kulehemu vipuri juu ya kadi. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia.

Kompanyi nyingi za simu huficha michoro yao. Fundi anabaki kubahatisha. Akikosea, mteja anapoteza simu, naye anapoteza mteja.

Kuna vifaa vilivyofuata njia nyingine. Mwaka 2005, huko Ivrea, Italia, ilizaliwa Arduino, kadi ndogo inayoweza kuendesha taa, pampu ao kipimo cha joto. Michoro yake iko wazi: kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuuza kadi aliyoitengeneza, ila jina Arduino lina mwenyewe. Programu ya kuchorea kadi kama hizo, KiCad, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1992, ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti.

Je, muuzaji mdogo anapata nini? Huko Marekani, Nathan Seidle alianzisha SparkFun mwaka 2003 akiwa bado mwanafunzi. Limor Fried alianzisha Adafruit mwaka 2005. Wote wawili wameuza vifaa huku michoro yake ikitolewa bure.

Hasara ipo pia. Mwenye kiwanda kikubwa ananakili kadi ileile na kuiuza kwa bei ya chini. Muuzaji mdogo hawezi kumshinda kwa bei. Anaishi kwa kumuelekeza mteja, kutengeneza kilichoharibika na kuaminika. Hiyo ndiyo kazi ambayo fundi wa simu wa Masisi ao Walikale anaifanya tayari.

Mchoro huru haumalizi vita. M23 ilichukua Rubaya mwaka 2024. Mwezi wa tatu 2025 iliingia Walikale-centre, kisha ikaondoka mwezi uliofuata. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mapigano ya mwezi wa kwanza mwaka huo. Njia zikifungwa, kipuri kinachelewa na bei yake inapanda, na kutengeneza kifaa cha zamani kunakuwa na faida kuliko kununua kipya.

Mchoro hauna uzito wala haulipi kizuizi barabarani. Unaingia katika simu ya kijana yeyote. Kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha kuusoma, na hapo shule zetu za ufundi zina kazi ya kufanya.