Bushi ya Mpira Haitaki Grisi

Grisi hairefushi maisha ya bushi ya mpira inayoshika shafti ya propela, huyafupisha. Bushi hiyo ni ganda la shaba nyeusi lenye mpira wa mifereji ndani, na kilainishi chake ni maji yaleyale yanayobeba chombo. Shafti ikipata kasi huvuta maji chini yake, ikazunguka juu ya utando mwembamba bila kuugusa mpira. Mpira huliwa zaidi wakati wa kuanza, wa kusimama na wa kwenda polepole mno, utando unapokatika.

Hata mchanga umefikiriwa. Chembe ikiingia, mpira hubonyea, chembe ikaviringika hadi kwenye mfereji na maji yakaitoa nje. Sasa grisi ijazwe humo: mifereji inaziba, maji ya kupoza hayapiti, mchanga unanasa na kugeuka msasa. Shafti ikichomolewa ina michirizi inayokwaruza ukucha, na bado lawama anabebeshwa muuza bushi. Tena grisi ya petroli huvimbisha mpira wa asili. Mpira wa nitrili huistahimili, lakini mifereji yake huziba vilevile, kwa hiyo swali la "grisi ya aina gani?" halina jibu. Kikombe cha grisi kilichomo ndani ya boti ni cha glandi, pale maji yanapozuiwa yasiingie. Hakihusiani na bushi ya nyuma.

Kutegemea maji si jambo geni. Mnamo 1854 John Penn, mhandisi wa Greenwich, aliweka vipande vya mti wa lignum vitae mahali ambapo shaba ilikuwa ikiliwa upesi. Mti huo ni mzito hadi huzama, na una utomvu wake, lakini nao ulipozwa na maji. Siku hizi biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Aina nyingine za bushi ni hizi. Metali nyeupe hutaka mafuta na sili nzima. Plastiki ngumu hubeba mzigo mkubwa kuliko mpira, ila mchanga huishinda. Penye matope, mpira. Boti ikipandishwa nchi kavu, propela inyanyuliwe kwa mkono ili kupima uchakavu wa bushi. Ikicheza kupita kipimo cha mtengenezaji, bushi ibadilishwe, shafti yenye michirizi ichongwe au ibadilishwe, na injini inyooshwe ilingane na shafti. Nchi kavu, shafti isizungushwe kwa injini hata kwa majaribio: mpira mkavu huungua upesi.